Chale Zisizo na Mganga

Nangara, Babati
Jumatano, alasiri

Kwako Dada yangu mpendwa, Mama Rehema,

Shikamoo. Na kamwene pia, maana Mama alitufundisha kwamba mkubwa huamkiwa kwanza kwa lugha ya nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta una nguvu, na kwamba magoti ya Mama bado yanamfikisha kanisani bila kushikwa mkono. Je, baridi ya huko imelegea? Maparachichi ya mteremko wa chini yamechumwa, au mnunuzi yuleyule bado anawazungusha kwa ahadi? Sisi hapa tu wazima kwa maana ya kawaida ya neno hilo: tunakula, tunalala, tunakwenda kazini. Upepo unaoshuka mlima Kwaraa umeanza, na vumbi limerudi kwenye vikombe. Mke wangu, Mama Joshua, anakuamkia.

Kifurushi ulichompa kondakta kilifika salama. Maparachichi tumekwisha kuyala. Sweta mpya uliyomfumia binti yako Rehema, tunayeishi naye hapa, nimeiona. Ni kazi nzuri, na mikono umeirefusha kama nilivyokuomba kwa simu. Lakini sijampa. Ipo kabatini mwangu, chini ya nguo zangu, na yeye hajui kama imefika. Sababu ya kutompa ndiyo iliyonifanya niandike.

Nimechagua kalamu badala ya simu kwa kuwa simu yako huwekwa sauti kubwa katikati ya sebule, na shemeji, Baba Mkubwa wa watoto, hujibu kabla yako. Jambo hili linahitaji kusikiwa na mtu mmoja kwanza. Mwalimu anayekuletea bahasha hii ni mtu wa kwetu anayekuja likizo, hajui kilichomo. Isome ukiwa peke yako, kisha umsomee Mama.

Wewe umelipata jambo hili kwa upande mmoja. Mzee Sulle, mzee wa kanisa wa mtaa wetu, alikupigia akakuambia kwamba binti yako amepatikana na chale mkononi, kwamba amekiri kwenda kwa mganga, na kwamba inampasa kusimama mbele ya usharika ili arudi kundini. Ulikubali. Mimi nilipokataa kusimama naye kama mlezi, ulikubali shemeji aje asimame mahali pangu, na baada ya ibada amrudishe Njombe moja kwa moja. Nakuomba uizuie safari hiyo mpaka uifikie aya ya mwisho ya barua hii. Rehema hajakanyaga kwa mganga yeyote.

Nitakueleza kwa mpangilio, nikitenganisha nilichokiona na ninachokidhani. Katika kazi yangu ya kupima viwanja nimejifunza kwamba ugomvi mwingi huanza pale mtu mwaminifu anapolisimika jiwe la mpaka mahali alipodhani lilikuwepo.

Ilianza kwenye vipimo vya sare. Mama Glory, fundi cherehani mwenye kibanda karibu na stendi, ndiye mlezi wa kwaya ya vijana, na mwaka huu wameamua kushona magauni ya mikono mifupi. Aliwapanga wasichana nyuma ya kanisa akawa anawapima mmoja mmoja. Zamu ya Rehema ilipofika, akakataa kuvua sweta.

“Wewe binti,” Mama Glory akamwambia, “jua lote hili na sweta? Una malaria, au siku hizi mimba zinafichwa mkononi?”

Wenzake wakacheka. Mama Glory, naye akicheka, akamvuta mkono kwa utani, na sweta ikapanda hadi kwenye kiwiko. Alinisimulia mwenyewe, na sina sababu ya kumshuku, kwa kuwa alipofika hapo sauti yake ilibadilika. Aliona mistari, mingine imepona, mingine bado mibichi. Na mistari midogo kwenye ngozi, kwa macho ya watu wa hapa, ina maana moja tu. Wakulima waliozaliwa hapa na sisi tuliokuja kutafuta kazi hatutofautiani katika hilo. Kila mmoja ana bibi aliyechanjwa. Bibi yetu sisi alikuwa na chale mbili kwenye kipaji cha uso kwa ajili ya maumivu ya kichwa, unazikumbuka. Mama Glory akafanya alichoona ni wajibu: akaenda kwa Mzee Sulle.

Tuliitwa baada ya ibada, katika chumba wanachohesabia sadaka. Walikuwepo Mzee Sulle, Mama Glory, mimi na Rehema. Mzee Sulle ni mtu mpole, mkulima mwenye shamba la mahindi na mbaazi upande wa Mutuka, na sijapata kumsikia akimkemea mtoto.

“Mwanangu, hatukukuita tukupige,” akaanza. “Tunataka kujua tu. Ni mganga wa wapi? Wa huku kwetu, au wale wanaokuja na dawa mnadani?”

Rehema akaitazama meza.

“Ulitafuta nini? Kufaulu mtihani?”

“Mtihani gani, Mzee?” Mama Glory akadakia. “Mtihani si ana mjomba anayejua hesabu mpaka anapima milima? Hawa wa siku hizi wanatafuta mchumba.”

Wakacheka wote wawili. Nikasema kwamba Rehema huenda shuleni na kanisani, kisha hurudi nyumbani, na kwamba sioni ni wakati gani angemfikia mganga bila sisi kujua.

“Baba Joshua,” Mzee Sulle akaniambia kwa upole, “hata shamba lako mwenyewe hujui usiku limepitiwa na nani.” Akamgeukia tena. “Sema, mwanangu. Ulikwenda?”

“Ndiyo,” Rehema akajibu. “Nilikwenda.”

Dada, nataka uione hali ya chumba kile baada ya neno hilo. Walipumua. Mabega ya Mzee Sulle yalishuka, akatabasamu kama daktari aliyeogopa ugonjwa mkubwa akakuta homa. Akamwambia kwamba yeye si wa kwanza. Kwamba hata yeye mwenyewe, kabla ya ubatizo, alichanjwa hadi kisiginoni ili ng'ombe wasiibwe, na ng'ombe waliibwa. Wakacheka tena. Kisha akamweleza njia iliyopo: atahudhuria mafundisho, atasimama mbele ya usharika pamoja na mzazi au mlezi, ataulizwa maswali, ataimbiwa wimbo, na watu wote watapita kumpa mkono. Mpaka siku hiyo hataimba kwaya. Mama Glory akamfuta machozi kwa upande wa kanga yake. Sijawahi kuona hatia ikipokelewa kwa faraja kubwa namna ile.

Mimi nilikuwa nautazama mkono, uliokuwa umefunuliwa mezani kama ushahidi. Chale za mganga huwa chache, hukaa kwenye viungo, na hupakwa dawa nyeusi ambayo haitoki tena. Nilichokiona hakikuwa na dawa, wala hakikufuata kiungo chochote. Nilielewa kwamba si kazi ya mganga, lakini sikuwa na haki ya kusema lisilo langu mbele yake.

Tulirudi kwa miguu, tukipita kando ya mashamba. Nikamuuliza kwa nini amekiri uongo.

“Mjomba, uliwaona walivyofurahi?”

“Niliwaona.”

“Hiyo ya mganga wanaijua. Ina masomo yake, ina wimbo wake, nikimaliza wananipa mkono. Hii yangu ningewaambia nini?”

Nikamuuliza ni nani aliyemkata. Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyechelewa kuelewa.

“Mimi mwenyewe.”

Nikamuuliza waziwazi kama anataka kufa. Akasema hapana. Tabibu tuliyemwona baadaye aliniambia kwamba nilifanya vyema kuuliza bila kuzunguka. Swali hilo halimpandikizii mtu wazo, bali humwonyesha kwamba hata hilo linaweza kusemwa nyumbani.

“Basi unatafuta nini?”

“Sitafuti kitu. Ninakaa tu, halafu sisikii chochote. Mtu ananisemesha, naona kama yuko ng'ambo ya ziwa. Nikifanya hivyo nasikia, kidogo. Halafu aibu inakuja. Kesho yake ni vilevile.”

“Tangu lini?”

“Tangu msiba wa Baba.”

Hapa naomba unisome taratibu, na usiiweke barua chini. Siku ya mazishi ya shemeji yangu, mume wako, Rehema alianza kulia kwa sauti tulipolishusha jeneza. Unakumbuka tulivyomwambia. Shemeji, kaka wa marehemu, alisema, “Jikaze, wewe ndiye mkubwa.” Wewe ukasema, “Ukilia hivyo, nani atanishika mimi?” Na mimi ndiye niliyemshika bega, nikamwambia kwamba watu wanamtazama. Sikutajii hili ili kukulaumu. Katika desturi yetu hakuna neno la upole zaidi tunalompa mfiwa kuliko hilo la kujikaza. Tunamwambia hata mjane, hata mwenye kuungua. Rehema ni mtoto mtiifu. Tulimwambia ajikaze, akajikaza. Aliwapikia waombolezaji, aliwaogesha wadogo zake, na watu wote wa mtaa wakamsifu kwamba ana moyo wa kiume. Tulikuwa tukisifu jeraha.

Tangu siku Rehema aliponiambia hayo nimekuwa nikitazama jinsi watu wanavyobeba mambo yao hapa, kwa udhahiri ambao sikuwa nao zamani. Jirani yetu mmoja, fundi mwashi, alimzika mtoto, na sasa hurudi kila jioni kutoka kwenye vilabu vya Singe akiwa ameshikiliwa na wenzake. Watu husema, “Mwacheni, ana mawazo.” Pombe inamwua mbele ya macho yetu, lakini ina heshima yake, hunywewa na watu wazima, pamoja, na ina utani wake. Mimi mwenyewe nikizidiwa hufanya kazi mpaka nisahau kula, na kwa tabia hiyo nimepandishwa cheo. Anayejidhuru kwa njia iliyozoeleka huitwa mwenye mawazo, au mchapakazi. Anayejidhuru peke yake, bila kelele, kwa njia ambayo bibi zetu hawakuipa jina, huitwa mwenye pepo, au mwenye deko la shule za kisasa.

Haya sijayatunga. Tulipompeleka hospitali, mimi na Mama Joshua, muuguzi mmoja aliita korido nzima isikie: “Nani huyo anayejichanachana? Ndiye huyu mzuri hivi? Umekosa kazi ya kufanya nyumbani kwenu?” Watu waliokuwa kwenye benchi wakageuka. Mwanamke mmoja akamvuta mtoto wake karibu, kana kwamba huzuni huambukiza kama kikohozi. Rehema akaivuta sweta hadi vidoleni. Nilijua wakati ule kwamba alikuwa ameukadiria ulimwengu kwa usahihi kuliko mimi. Tabibu aliyempokea ndani alikuwa mtu wa namna nyingine. Alimsikiliza kwa muda mrefu bila kuandika, na mpaka sasa Rehema huenda kwake kila wiki. Sitakudanganya, Dada: hali hiyo haijakoma. Juzi ilirudi. Tofauti ni kwamba safari hii alikuja mwenyewe jikoni akamwambia Mama Joshua, naye akamsafisha bila kuuliza kitu, kisha wakaendelea kumenya viazi pamoja.

Kwa ruhusa ya Rehema nilikwenda nyumbani kwa Mzee Sulle kumweleza ukweli. Alikuwa amekaa barazani, na mkewe, ambaye ndiye huanzisha nyimbo kanisani, alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Nikamwambia kwamba Rehema anajikata mwenyewe.

“Anajikata mwenyewe,” Mzee akarudia. “Nani amemtuma?”

“Hakuna aliyemtuma, Mzee.”

“Mtu hajikati bure.”

“Si bure. Ni huzuni.”

“Huzuni sote tunayo, Baba Joshua. Mimi nimezika watoto. Nilishika jembe.” Akatazama shamba lake, kisha akasema jambo ambalo limenikaa kifuani tangu siku ile. “Sikiliza, mwanangu. Mwache atubu la mganga. La mganga tunaliweza. Hilo lingine likisemwa pale mbele, tutamfanya nini? Wimbo gani tutamwimbia? Watakwenda nalo sokoni, shuleni, mpaka kwa mtu atakayetaka kumwoa. Unamwonea huruma? Basi mwachie uongo wake.”

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayenionyesha mahali pa kuvukia mto, kwa sababu kwingineko maji ni mengi. Hoja yake si ya kipumbavu. Nimeipima kwa siku nyingi. Kosa lake ni moja. Usharika utamsamehe msichana ambaye hayupo, na yule aliyepo atarudi nyumbani na mkono uleule, akijua sasa kwa hakika kwamba upendo wa watu hutolewa kwa sharti la kutoonekana.

Nilikuwa nikitafuta namna ya kumjibu bila kumvunjia heshima, mkewe akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo:

“Mimi sitaanzisha.”

“Hutaanzisha nini?”

“Huo wimbo wa kurudi. Amekwenda wapi hata arudi?”

“Mama, haya ni mambo ya baraza la wazee.”

“Baraza liimbe,” akasema, akapepeta.

Nilipoaga, Mzee Sulle alinisindikiza hadi njiani, jambo ambalo mtu aliyekasirika hapa halifanyi, lakini hakuubadilisha uamuzi wake. Alisema tu kwamba mama mzazi amekwisha kukubali, na neno la mama hawezi kulipita.

Kwa hiyo limebaki kwako. Nilipomsimulia Rehema yote haya, alifikiri, kisha akanipa jibu ambalo nakuletea kama alivyolitamka: “Mama akija mwenyewe, nitamwambia kweli, na mbele ya watu sitasimama. Akija Baba Mkubwa, nitasimama niseme la mganga, halafu nitakwenda naye.” Nikamuuliza, na baada ya hapo? Akasema, “Baada ya hapo nitajikaza.” Sijawahi kuliogopa neno la Kiswahili kama nilivyoliogopa hilo lilipotoka kinywani mwake.

Najua gharama ya ninachokuomba. Utaulizwa ni binti gani anayefuatwa na mama yake badala ya wakubwa wa ukoo. Shemeji ataona amedharauliwa. Na wewe utalazimika kuuona mkono ambao mimi, niliyeishi naye nyumba moja, sikuuona. Hapo ndipo narudi kwenye sweta. Ile ya kwanza uliyomfumia alipokuja huku aliivaa kila siku, hata miezi ambayo mabati ya Babati huunguza ndege. Nilimsifu mezani mbele ya wageni, kwamba huyu ni mtoto anayempenda mama yake. Nilikupigia kukuambia kwamba imemfupia na anaivuta mikono hadi vidoleni, nikakuomba ufume nyingine yenye mikono mirefu zaidi. Wewe ukafurahi, ukanunua sufu siku ileile. Tumeshirikiana, wewe na mimi, kila mmoja kwa upendo wake, kumshonea maficho.

Msalimie Mama, mwambie mwanawe wa mwisho bado anakumbuka kuomba kabla ya kula. Wasalimie wadogo zake Rehema, hasa Tumaini, ambaye naye alikuwa pale kaburini na hakulia. Ukikaa naye jikoni, mwulize tu habari za baba yake, kisha unyamaze usikilize. Shemeji mfikishie heshima zangu, umwambie kwamba sijamkatalia nafasi yake katika ukoo, ila nafasi hii si yake. Mchungaji wa huko mwombe atuombee bila kumweleza kwa undani.

Jumapili waliyoipanga haiko mbali. Sweta ipo kabatini. Sitampa mimi, wala simtumi mtu ampe. Njoo, Dada. Muombe kwanza akuonyeshe mkono. Utazame mpaka mwisho, bila kumwambia neno lolote la kumtia nguvu. Ukishautazama, ndipo umvishe.

Mdogo wako, aliyekuwepo siku ile ya mazishi na kumshika bega,

Enoki